BARUA YA WAZI KWA WAKUBWA WA KITUO CHETU CHA AFYA: SINDANO ZENU NAZITOA KWENYE TAIRI ZA BAISKELI

KWA: Mganga mfawidhi, kamati ya kituo, na wakubwa wote wa juu mnaokisimamia, hapa Tanga

YAHUSU: Taka za kituo zinazotufikia mtaani

Waheshimiwa,

Salaam nyingi. Wengi wenu ni umri wa wanangu kwahiyo shikamoo ningetakiwa niipokee mimi, ila cheo ni cheo, nawasalimu kwa heshima zote, na wale tuliofanya kazi pamoja habari za masiku. Jina la kituo siliandiki hapa. Nyie mnajijua, na mimi mwenyewe presha yangu napimia hapo hapo kila mwezi, sitaki mama mjamzito hata mmoja aogope kuja kliniki kwa sababu ya maneno yangu.

Kwa wasionifahamu, mimi ni yule mzee fundi baiskeli nyuma ya ukuta, chini ya mwembe. Tanga yetu mnaijua, baiskeli ndo miguu ya watu, kwahiyo pancha ndo chakula changu. Zamani nikifungua tairi natoa mwiba, msumari, kipande cha chupa. Siku hizi natoa sindano. Ya kwanza nilidhani bahati mbaya, ya pili nikanyamaza, ilipofika ya tano nikachukua kopo tupu la solusheni, ile gundi ya kuzibia pancha, nikawa nazitia humo kwa koleo na kufunga kifuniko, na tangu zilipopita arobaini sijahesabu tena. Wateja wangu wakubwa ni hao wanaopita ile njia ya ukutani kwenda sokoni. Yani kibiashara mnanisaidia sana, ningekaa kimya nikaendelea kuziba.

Siwezi kukaa kimya kwasababu kabla ya ufundi nilikuwa mhudumu hapo kwenu, na miaka yangu sita ya mwisho kazi yangu ilikuwa kuchoma taka. Sio kusimamia, kuchoma, kwa mikono hii. Kwahiyo ninachoandika hapa sijasimuliwa barazani kwenye kahawa.

Barua ya kwanza niliileta kwa mkono kabla ya Ramadhani ya mwaka jana. Nikaomba nigongewe muhuri kwenye nakala yangu, nikaambiwa muhuri uko kwa bosi na bosi yuko kikaoni. Ya pili nikaipitisha kwa mwenyekiti wa mtaa. Ya tatu nikaitia kwenye sanduku la maoni, lile la bluu karibu na dirisha la dawa, na nina hakika bado imo kwasababu kufuli ya lile sanduku imeshikwa na kutu mpaka tundu la ufunguo halionekani. Katikati hapo nimekuja ofisini mara nne, nimepewa kiti, nimepewa maji ya kunywa, nashukuru sana kwa ustaarabu, na jibu likawa lile lile: mzee tunalifanyia kazi, tunasubiri bajeti ya kichomea taka kipya.

Sasa nisikilizeni vizuri wakuu. Mimi niliyekuwa nachoma nawaambia kichomea taka kipya sikiombi. Mkikijenga kesho na mambo yakabaki kama yalivyo, kwa mwaka mmoja kitakuwa kimekufa kama hiki cha sasa. Tatizo linaanzia pembeni ya kitanda cha mgonjwa, moshi ni mwisho wa safari tu. Malalamiko yangu ni haya.

1. TAKA ZINACHANGANYWA WODINI

Wakati naanza kazi tulifundishwa rangi tatu mpaka tukaziota usiku. Ndoo nyekundu ni zile za hatari kubwa, zenye damu nyingi, za maabara, za leba. Njano ni zenye maambukizi ya kawaida, pamba, bandeji, glavu zilizotumika. Nyeusi au bluu ni taka za kawaida, karatasi, maganda, maboksi ya dawa. Na vitu vya ncha kali, sindano na vile vya wembe, vina boksi lake gumu la njano, hakuna mjadala.

Nilipomuuguza shemeji yangu hapo wodini siku nne nimekaa naangalia zile ndoo. Ndoo nyekundu ina ganda la ndizi na kopo la mtindi. Ndoo ya njano imetiwa mfuko mweusi kwasababu ya njano imeisha. Nyeusi ndo msinifanye niseme, ina dripu na mrija wake wote na sindano bado imening'inia mwishoni kama ndoano ya mvuvi. Ndugu wa wagonjwa wanatupa popote kwasababu juu ya ndoo hakuna hata karatasi ya kuelekeza, na nesi mmoja ana wagonjwa wodi nzima, atakimbizana na maganda saa ngapi?

Mnajua kwanini hili nimeliweka namba moja? Shirika la Afya Duniani linasema kwenye taka zote za hospitali, kama asilimia 85 ni taka za kawaida tu, hazina tofauti na za nyumbani kwangu. Asilimia 15 ndo zenye hatari, ya maambukizi, kemikali au mionzi. Maana yake ukiwa na kilo 100 na umezitenga vizuri tangu wodini, za kuhangaika nazo ni kilo 15. Lakini chukua hizo 15 uzichanganye na 85, damu ikagusa karatasi, sindano ikaingia kwenye maganda, sasa una kilo 100 za hatari. Umejiongezea kazi zaidi ya mara sita bila kuongeza mgonjwa hata mmoja, afu unakaa ofisini unasema kichomea taka kimezidiwa. Kimezidiwa na maganda ya ndizi!

Na chakula kibichi kina maji. Mtu aliyewahi kupika kwa kuni mbichi anajua ninachosema. Nilikuwa napakia mfuko, moto unalia fyuuu unazimika, nafungua mlango nakuta wali.

2. SINDANO

Hapa ndo roho yangu ilipo kwahiyo mnivumilie nikirefusha.

Boksi la sindano linajazwa mpaka robo tatu, linafungwa, linakwenda kuchomwa likiwa zima, halifunguliwi tena mpaka kiama. Siku hizi naona maboksi yamejaa mpaka sindano zinatokeza nje kama nungu. Na kuna jingine baya zaidi, naomba mlichunguze wenyewe, vijana wanayamwaga maboksi ili yatumike tena. Najua ni kwasababu stoo yameisha. Lakini ukimwaga sindano kwenye kiroba, kiroba kinatoboka, na kiroba kikiburuzwa kutoka wodini mpaka kule nyuma kinadondosha kidogo kidogo njia nzima, na kikisubiri siku tatu nne pale uwazi bila kuchomwa wanakuja kunguru, wanakuja paka, wanakuja vijana wa chuma chakavu na plastiki. Kwa joto letu hili la Tanga taka zenye maambukizi hazitakiwi kulala zaidi ya saa 24 msimu wa joto, na saa 48 msimu wa baridi, labda ziwe kwenye ubaridi maalum. Zenu zinalala hizo siku tatu nne.

Kunguru nimeshawaona na bandeji kwenye paa la msikiti. Watoto nao wanapenda mabomba ya sindano. Yale ya chanjo yanajifunga yenyewe baada ya kutumika mara moja, hayachezeki, lakini haya makubwa ya cc 10 ni bastola nzuri ya maji, na mrija wa dripu unafaa kwa manati. Mtoto wa jirani yangu, darasa la pili, alichomwa kiganjani na sindano iliyokuwa bado kwenye bomba la kuchezea. Mama yake akaja kwangu anatetemeka kwasababu anajua nilifanya kazi hospitali. Nikamwambia usikamue, osha kwa maji mengi na sabuni, twende sasa hivi.

Tumekuja kwenu, maana tungeenda wapi? Na nasema wazi, nesi aliyetupokea alifanya kazi yake vizuri sana, hakutukaripia, akaeleza kwamba dawa za kinga ya virusi vya ukimwi zinatakiwa zianze mapema na isipite saa 72, akamuanzishia zile za siku 28. Siku 28 mtoto wa darasa la pili anatapika asubuhi na kwenda shule. Alichanjwa homa ya ini akiwa mchanga, hiyo ikawa ahueni. Vipimo vya mwanzo viko sawa, vilivyobaki tunavisubiri, na mama yake tangu siku ile akisikia simu anashtuka.

Nyie ni wataalamu kuliko mimi ila kwa faida ya wasomaji wengine: ukichomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye maambukizi, uwezekano wa kupata homa ya ini B ni kama asilimia 30 kama hujachanjwa, homa ya ini C ni asilimia 1.8, virusi vya ukimwi asilimia 0.3. Watu wote wanaogopa ukimwi, mnyama mkubwa pale ni homa ya ini B, na kirusi chake kinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 kikiwa bado kinaambukiza. Mtu mzima asiyewahi kuchanjwa, kama mimi na wateja wangu wanaoshika tairi, hana hiyo ahueni aliyoipata yule mtoto.

3. KICHOMEA TAKA NA MOSHI

Kile kichomea taka chenu ni cha matofali, cha vyumba viwili, aina ile wanayoiita De Montfort kwa jina la chuo kikuu cha kule Leicester, Uingereza, kilikobuniwa. Ni kitu kizuri kwa bei yake kama unakiheshimu. Chumba cha kwanza kinaunguza taka, moshi wake unapita chumba cha pili na kule moshi wenyewe unaungua. Lakini lazima ukipashe kwanza. Mimi nilikuwa naanza na makumbi ya nazi na kuni kavu, nusu saa au zaidi, hamna taka hata moja, mpaka matofali yawe yamewiva, ndo napakia kidogo kidogo, kikavu na kilowevu kwa zamu. Kikiwa moto sawasawa bombani hauoni kitu, hewa tu inatetemeka kama juu ya lami saa nane mchana.

Sasa hivi wanafanyaje? Wanajaza mpaka mlangoni, wanamwagia mafuta ya taa, wanapiga kiberiti na kuondoka. Mlango wa chumba cha pili umepinda haufungi, na bomba la moshi lilikatika nusu kwa upepo, lililobaki halifiki hata urefu wa paa. Huo sio uchomaji wa taka hatarishi, ni kuchoma takataka tu ndani ya nyumba ya matofali.

Na hapa kuna sumu halisi, sio harufu mbaya tu. Plastiki zenye klorini, kama mirija mingi ya dripu na baadhi ya glavu, zikiungua kwa moto hafifu zinatoa vitu vinaitwa dioksini na furani. Vinahusishwa na saratani, havionekani, na haviishi haraka, vinakaa kwenye mafuta ya mwili miaka na miaka. Ndo maana Shirika la Afya Duniani linataka nyuzi joto 850 mpaka 1100 pamoja na vifaa maalum vya kusafisha moshi, na vichomea vya matofali linavihesabu kama suluhisho la mpito tu. Nchi yetu imeridhia Mkataba wa Stockholm wa 2001 unaotaka sumu hizi zipunguzwe.

Jivu lake mnalimwaga nje ya shimo la majivu kwasababu shimo limejaa. Kuku wa mtaa mzima wanaparura pale. Yai la kienyeji mnalolipenda kwa bei kubwa, mnaponunua pale getini, ulizeni huyo kuku analala wapi na anashinda wapi, maana hizi sumu zinapenda mafuta na kiini cha yai ni mafuta.

Upande wa upepo niwakumbushe kitu. Kaskazi likivuma moshi unakuja kwetu, miezi ile watoto wanakohoa na nguo zinaanuliwa zikiwa na masizi. Kusi likigeuka unakwenda moja kwa moja wodi ya wazazi. Mtoto ana saa tatu tangu azaliwe.

4. SHIMO LA KONDO

Hili fupi. Shimo la kondo limejaa na mfuniko wake umepasuka. Sisi watu wa pwani zalio, yani hiyo kondo, ni sehemu ya mtoto, linazikwa kwa adabu, halitupwi. Masika maji ya chini huku kwetu yanapanda, na kitako cha shimo kinatakiwa kiwe juu ya maji hayo angalau mita 1.5 mpaka 2, na shimo liwe mita 50 kutoka kisimani. Kisima cha jirani yangu nimekipima kwa hatua zangu, hakifiki 30. Yule mama ameacha kukinywa, anafulia tu, na kuna wanaoendelea kukinywa kwasababu bomba likikatika hawana pengine.

5. VIJANA WANAOCHOMA

Mmewaachia kampuni ya usafi. Vijana wanakuja na kandambili. Glavu wanazovaa ni zile nyepesi za kupimia wagonjwa, ambazo sindano inapita kama kwenye karatasi. Mmoja nilimpa gambuti zangu za zamani, akazivaa siku mbili akaziuza, sikumlaumu kwasababu aliniambia mshahara umechelewa miezi miwili. Nilimuuliza umechanjwa homa ya ini? Akauliza ni ugonjwa gani huo.

Mtu anayeshika taka za hatari kuliko wote hapo kituoni ndo analipwa kidogo kuliko wote na hajafundishwa chochote. Mimi nilifundishwa wiki mbili na bado nina kovu.

SASA MAJIBU YENU NAYAJUA

Hamna bajeti. Wakuu, kutenga taka hakuhitaji mamilioni. Ndoo mnazo, zipo, nimeziona, rangi zote tatu. Karatasi ya maelekezo ya Kiswahili juu ya kila ndoo ni kazi ya mtu mmoja na rangi. Mifuko ya rangi na maboksi ya sindano ni vitu vya kuagizwa pamoja na dawa, sindano ikiagizwa na boksi lake liagizwe, haiwezekani mkawa na bomba la kumchoma mtu mkakosa mahali pa kulitupa. Mkitenga vizuri za kuchoma zitapungua, mafuta ya taa yatapungua, na hicho kichomea mnachosema kimezidiwa kitapumua. Anzeni na cha bure.

Hilo ni la mzabuni. Hapana. Kampuni imeingia mkataba na nyie, sisi hatuna mkataba na kampuni. Taka ni zenu mpaka zinapokuwa jivu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 zipo, na bwana afya anazijua vizuri kuliko mimi. Na mkataba wenyewe aliusaini nani?

Watoto wenu wanaruka ukuta. Kweli wanaruka, na tunawachapa. Lakini ukuta una tundu la kupita mtu mzima na baiskeli yake, mimi mwenyewe nimepita nikiwa nawatafuta. Na hata ukuta ungekuwa wa boma la Wajerumani, kunguru hana habari na ukuta.

Vituo vingi viko hivi hivi. Mtu akiniletea baiskeli haina breki nikamwambia baiskeli nyingi Tanga hazina breki, atanielewa?

Kuna na lile la kwamba hakuna pengine pa kupeleka. Hili mpwa wangu anayesoma sheria ndo alinipa jibu. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata kule Dar es Salaam, Joseph Kessy na wenzake, walilipeleka jiji Mahakama Kuu kwasababu ya dampo lililokuwa linawafukiza, wakashinda. Jiji likarudi kuomba liongezewe muda liendelee kumwaga pale pale. Jaji Lugakingira akakataa, akashangaa mamlaka ya umma kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, na akaigusa Ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Sisemi nakwenda mahakamani, mimi mzee nina goti bovu, ngazi za mahakama siziwezi. Nasema tu kwamba jibu la "hatuna pengine" lilishajibiwa zamani.

Na kabla sijasahau, tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, mama muuza ndizi hapa kwetu akionekana na rambo anahangaishwa nusu siku. Najua vifungashio vya hospitali vimeachwa kwenye hiyo marufuku, na ni haki, dawa lazima ifungwe. Ila mama yule anaangalia moshi wenu mweusi kila Jumanne na Ijumaa afu ananiuliza mimi maswali ambayo sina majibu yake.

NINACHOOMBA

Kwanza, ndani ya wiki mbili, ndoo za rangi zirudi kwenye utaratibu kila wodi na maelekezo ya Kiswahili yabandikwe mahali ndugu wa mgonjwa anaona. Mkipenda nitakuja kuwaelekeza hao vijana na wahudumu saa mbili kila Jumamosi, bure, chai nitajinunulia.

Pili, boksi la sindano lisimwagwe kamwe. Likifika robo tatu lifungwe. Yakiisha stoo itangazwe kama dawa inavyotangazwa ikiisha, watu wajue.

Tatu, wiki hii hii, sio mwezi ujao, watu wenu wenye vifaa wapite ile njia ya ukutani waokote kila sindano, na tundu la ukuta lizibwe. Matofali hayazidi hamsini, nimehesabu.

Nne, wachomaji wapewe gambuti, glavu nene, aproni, miwani, na wachanjwe homa ya ini B, dozi zote tatu, hata kama ni wa kampuni.

Tano, mlango wa chumba cha pili na bomba la moshi vitengenezwe, fundi wa kuchomelea yupo mtaani kwetu, na shimo la majivu na la kondo yachimbwe mapya mbali na visima. Dripu na mirija ya plastiki itengwe isichomwe kabisa. Wakati mnafikiria mbele, fikirieni otoklevu ya taka, ile inayoua vijidudu kwa mvuke wa nyuzi 121 kwa nusu saa, hakuna moshi. Iwe ya taka peke yake lakini, isiwe ile mnayochemshia vyombo vya upasuaji. Sio ndoto ya Ulaya hiyo, Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi nne za Afrika, pamoja na Ghana, Madagascar na Zambia, kwenye mradi wa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, uliohusu mambo haya haya ya kuondokana na uchomaji hospitalini.

Sita, kikao na wananchi, tukae chini ya mwembe hapa au ukumbini kwenu, mtupe tarehe za utekelezaji kwa maandishi. Sisi Tanga tunasemwa waja leo waondoka leo, basi taka zenu ndo wageni waliokuja wakakataa kuondoka.

Jumatatu saa mbili asubuhi naleta nakala ya karatasi ya barua hii ofisini. Naomba safari hii mnigongee muhuri wa kupokea. Kopo la sindano nakuja nalo pia, nililoziba kwa solusheni pembeni lisifunguke njiani. Jana limefika robo tatu, na robo tatu ndo mwisho wa kujaza, ukizidisha hapo unamchoma anayefunga. Hivyo mlinifundisha nyie.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi baiskeli, mhudumu mstaafu,
Nyuma ya ukuta, chini ya mwembe.

Nakala:
Mwenyekiti wa mtaa
Bwana afya
Sanduku la maoni, endapo ufunguo utapatikana